UTI: Kapsuli nne za dukani hazikuponyi

UTI ni nini?
Ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi huletwa na bakteria wa utumboni aitwaye E. koli. Mkojo unachoma, unabanwa kila mara lakini yanatoka matone tu, na chini ya kitovu panauma. Wanawake huugua zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi.

Si nimeipata kwenye choo cha paki ya taksi?
Hapana. Choo hicho kinasingiziwa mengi. Tuendelee.

Nilinunua kapsuli nne za amoksilini nikapata nafuu. Nimepona?
Hapana. Nafuu si kupona. Dozi isiyotosha huwaacha hai bakteria wagumu, nao ndio wanaozaana. Tena E. koli wengi siku hizi hawaisikii amoksilini kabisa.

Lakini mwenye duka ndiye aliyenikatia hizo nne.
Alikukatia kulingana na pesa uliyomwekea mezani. Hapana, bado hujapona. Hapa Uganda, kituo cha afya cha ngazi ya tatu kina maabara, na cha serikali hakitozi pesa. Peleka mkojo upimwe kabla hujameza chochote. Ukiandikiwa nitrofurantoini, dawa ya kuua bakteria wa njia ya mkojo, ya siku tano, meza siku tano, pamoja na chakula. Mkojo ukigeuka kahawia usishtuke, ni dawa.

Maumivu yameisha siku ya pili. Zilizobaki nimwekee dada?
Hapana! Dada aje apimwe mwenyewe. Wewe maliza zako. Kila wiki hapa kituoni tunaletewa pakiti iliyobaki nusu, na mwenye pakiti anashangaa ugonjwa umerudi.

Nina homa, natetemeka, mgongo unauma upande mmoja. Nimeshanunua dawa ya malaria.
Ulipimwa malaria? Hukupimwa. Homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni huenda ni maambukizi yaliyopanda hadi kwenye figo. Hapo nitrofurantoini yenyewe haitoshi, maana haifiki vya kutosha kwenye nyama ya figo. Usingoje kesho, usipitie dukani kwanza. Nenda leo, hata kama ni usiku. Yakiingia kwenye damu, yanaua.

Na mjamzito?
Apimwe mkojo kliniki hata kama hasikii chochote, kwa sababu kwake maambukizi hupanda kwenye figo kwa urahisi na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Siprofloksasini ya jirani, dawa nyingine ya kuua bakteria, asiiguse. Amwambie mhudumu ana mimba ya miezi mingapi, kwa kuwa hata nitrofurantoini haifai karibu na kujifungua.