Je, wajua kwa nini ni vigumu kuishtaki kampuni iliyokabidhiwa kwa msimamizi nchini Australia?

Umeidai kampuni kwa miezi, wakili ameshaandaa hati ya madai, mara unasikia wakurugenzi wamekiri hali ni mbaya na kumkabidhi kampuni msimamizi kutoka nje. Nchini Australia, tangu siku hiyo kesi isiyofunguliwa haifunguliwi, na iliyokwisha kufunguliwa haiendelei. Kifungu cha 440D cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2001 kinakuachia njia mbili: idhini ya msimamizi kwa maandishi, au ruhusa ya mahakama. Mashtaka ya jinai hayamo katika zuio hili.

Aliyesubiri haki yake ataona huu ni uonevu, nami namwelewa. Lakini wadai wote wangekimbilia mahakamani, mwenye wakili mwepesi angekamata magari, mwingine akaunti ya benki, na wafanyakazi wangekuta ghala tupu. Msimamizi naye angeshinda kutwa kortini akijibu kesi badala ya kutafuta kama kampuni inaokoleka. Shirika la ndege la Virgin Australia liliingia katika utaratibu huu Aprili 2020, na kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limeuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital. Bado linaruka.

Deni lako halijafutwa. Unalipeleka kwa msimamizi pamoja na ankara, mikataba na ushahidi mwingine, kisha unahudhuria mikutano ya wadai. Wa kwanza hufanyika ndani ya siku 8 za kazi. Wa pili ndio wenye uzito: wadai hupiga kura kampuni irudishiwe wakurugenzi, ifilisiwe, au ifunge nao mkataba wa kulipa madeni, mara nyingi kwa sehemu tu. Usikose kura hiyo, kwa sababu mkataba ukipita unambana hata mdai wa kawaida aliyeukataa.

Mahakama hairuhusu kesi kirahisi. Mwenye nafasi nzuri zaidi ni yule ambaye dai lake, tuseme la kuumia, litalipwa na kampuni ya bima, maana mali ya wadai wengine haitaguswa.

Na kama mkurugenzi alikuwekea dhamana yake binafsi? Naye analindwa msimamizi akiwa kazini, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Kipindi hicho kikiisha, unaweza kumdai, hata kama kampuni yenyewe imeshakubaliana na wadai kulipa nusu.