Kilomita 60,000, lakini za DSG ipi?

Mteja akiniletea Volkswagen Golf ya toleo la 6 iliyotoka Japani, swali la kwanza huwa hilohilo: "Fundi, oili ya giaboksi nimwage lini?" Nami namuuliza: yako GTI au 1.4 TSI?

Siyo ubishi. GTI ina DSG, yaani giaboksi ya klachi mbili inayojibadilishia gia yenyewe, ya gia 6 iitwayo DQ250, na klachi zake zinaogelea kwenye oili. Oili hiyohiyo inapoza klachi, inalainisha gia, na mekatroniki, ule ubongo wa giaboksi, inaitumia kusukuma klachi na kubadili gia. Unga wa klachi unabaki humohumo. Ndiyo maana Volkswagen wameiwekea kilomita 60,000, oili na filta yake. Ile 1.4 ina DQ200 ya gia 7, klachi kavu, oili ya gia lita 1.7 tu, na ratiba ya kiwanda haina siku ya kuibadilisha. Ikitetemeka ukitoka gia ya 1 kwenda ya 2, mara nyingi ni klachi zenyewe. Kumwaga oili hapo ni kujiliwaza.

Turudi kwenye DQ250. Odometa inahesabu umbali, haihesabu mara ngapi klachi zimeshika na kuachia. Kilomita 10 za foleni ya Ubungo saa 12 jioni zinaipika oili kuliko kilomita 10 za barabara kuu ya Chalinze. Na gari la mtumba, kilomita zake nani anazijua? Kwangu mimi, gari likishatoka bandarini na halina kumbukumbu ya sevisi, namwaga, naanza kuhesabu upya, na kwa mtu wa foleni narudia kwenye 50,000. Ukisubiri giaboksi igonge, umeshachelewa.

Kazi yenyewe inawashinda wengi kwenye nati ya chini. Ukiifungua unatoka mchirizi mdogo tu, fundi anadhani imeisha. Ndani kuna kibomba cha plastiki cha kupimia kimo. Usipokitoa, karibu lita 5 zinabaki humo. Na usiweke oili ya otomatiki ya kawaida, hata kama muuzaji anaapa zote ni moja.

Kimo kinapimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, zinazosomwa kwenye mashine ya kompyuta. Dar mchana, giaboksi ikishachemka, dirisha hilo limepita. Ndiyo maana magari haya nayapokea jioni, yanalala gereji, nayafungua alfajiri.