Soya Umeiacha, na Bakuli Je?

"Dokta, soya nimeacha kabisa." Maneno haya nayasikia sana kwenye chumba changu cha matibabu, hasa kwa akina mama wenye hedhi iliyovurugika, wanaoamini kuwa soya huvuruga homoni. Nami huuliza: chakula chako cha mchana unakipashia kwenye nini? Wiki iliyopita mmoja akacheka, akatoa bakuli lake mkobani. Plastiki ngumu, zamani iling'aa kama kioo, sasa imefifia na kujaa mikwaruzo.

Soya imesingiziwa mengi. Ina jenisteini na daidzeini, kemikali za mmea (huitwa isoflavoni) zenye umbo linalofanana na estrojeni, homoni ya kike. Estrojeni hufanya kazi kwa kukalia vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea, navyo ni vya aina mbili: alfa, iliyotawala kwenye mfuko wa uzazi, na beta. Kemikali za soya hupendelea beta, na hata zikishakaa nguvu yake ni ndogo mno kuliko ya estrojeni yako mwenyewe. Hofu haikuzuka hewani, lakini. Miaka ya 1940 kondoo wa Australia Magharibi walishindwa kushika mimba kwa sababu ya klova, mmea wa malisho wenye kemikali za jamii hiyo, waliyokuwa wakila. Ila wale walikula klova kutwa, msimu mzima. Wewe unakunywa glasi moja ya maziwa ya soya. (Vidonge vya isoflavoni iliyokolezwa ni habari nyingine. Na kama unameza dawa ya thairoidi (tezi ya shingoni), itenganishe na soya kwa saa kadhaa, maana soya huzuia isifyonzwe vizuri.)

Wanaoamua zaidi ni bakteria wa utumboni. Wapo wanaoigeuza daidzeini kuwa ekwoli, yenye nguvu zaidi, lakini si kila mwanamke anao. Ndiyo maana wawili wakila sahani moja miili yao hujibu tofauti. Estrojeni yako nayo hupita humo humo: ini huifunga, nyongo huimwaga utumboni, kisha bakteria wengine huifungua ikarudi kwenye damu. Nyuzinyuzi husaidia itoke. Kwa hiyo usinishangae nikikuuliza habari za choo kabla ya kuuliza za hedhi.

Turudi kwenye bakuli. Mwaka 1936 mkemia wa London, Edward Charles Dodds, aliipima kemikali iitwayo bisfenoli A (kwa kifupi BPA) akitafuta dawa ya kufanya kazi ya estrojeni. Ikaonekana dhaifu, akaendelea na nyingine. Baadaye ikaingia viwandani kutengeneza plastiki ngumu. Mwaka 1998, katika maabara ya Patricia Hunt huko Marekani, vizimba vya panya vilioshwa kwa sabuni isiyo yake. Sabuni ikaila plastiki, bisfenoli ikavuja, na mayai ya panya majike yakaanza kugawanya kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, vibaya. Joto, sabuni kali, mikwaruzo: hayo ndiyo yanayoifungulia njia.

Kibandiko cha "haina BPA" hakinitulizi sana, kwani mara nyingi ndani mmewekwa ndugu yake, bisfenoli S, naye hukalia vipokezi vilevile. Jambo jema ni kwamba mwili huitoa bisfenoli A kwa mkojo, sehemu kubwa ndani ya siku moja. Tatizo ni kuiongeza kila mchana.

Mama yule amerudi jana na bakuli la kioo, amefurahi. Kifuniko ni cha plastiki. Nimemwambia akiondoe kabla ya kupasha.