"Dawa ya rangi" kwenye kipimo cha CT: maswali ya barazani Ngamiani, Tanga

Shikamoo. Mama ana uvimbe kwenye ini, ameandikiwa CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa eksrei, "na dawa ya rangi". Haitamgeuza ngozi?

Marahaba. Haitamgeuza chochote. Jina ndilo linalotuponza: dawa yenyewe haina rangi, ukiitazama ndani ya bomba la sindano ni kama maji mazito kidogo. Kilichomo ni iodini, yale yale madini joto ya kwenye chumvi. Iodini huzuia eksrei zisipite kirahisi, kwa hiyo popote inapofika na damu, picha hutoka nyeupe. Rangi za kweli zipo pia. Ya kijani, iitwayo indosianini, hudungwa wakati wa upasuaji, na kamera maalumu ikaonyesha sehemu gani inapata damu.

Ultrasaundi imeshauona uvimbe. Wanatafuta nini tena?

Wanatafuta unakula wapi. Uvimbe wa saratani ukifikia milimita 1 au 2 haukui zaidi bila mishipa yake, basi huushawishi mwili uuoteshee. Judah Folkman, daktari wa Marekani, aliliandika wazo hilo mwaka 1971, na wenzake wengi hawakumwamini. Mishipa hiyo huota ovyo: imepinda na inavuja.

Sasa ini lina njia mbili za damu. Karibu robo tatu huja kwa mshipa mkubwa utokao kwenye utumbo, iliyobaki kwa ateri, mshipa uletao damu kutoka moyoni. Saratani iliyoanzia kwenye ini hunywa zaidi kwenye ateri. Dawa ikidungwa mkononi, ateri ndiyo inayotangulia kuifikisha: kwenye sekunde 30 hadi 40 uvimbe unang'aa, ini lote bado limefifia. Ikifika sekunde 70 hivi ini nalo limejaa dawa, na uvimbe unaanza kupoteza mng'ao. Dakika chache baadaye unaonekana kama doa jeusi. Kwa mtu mwenye homa ya ini sugu ya aina B, au ini lenye makovu, mwenendo huo unaweza kutosha kuitambua saratani bila kukata kinyama. Uvimbe wa mishipa usio saratani, hemanjioma, hauendi hivyo: hujaa polepole kutoka pembeni kwenda katikati, na dawa hukaa.

Ndiyo maana atapigwa picha mara tatu hivi. Si kwamba ya kwanza imeharibika, kama watu wanavyonung'unika wakitoka.

Akila kamba anavimba midomo. Wanasema mtu kama huyo iodini itamuua.

Hii hofu ya sisi watu wa pwani nimeisikia mno. Aleji ya kamba inatokana na protini ya nyama yake, si iodini. Aitaje, ndiyo, lakini haimzuii. Lenye uzito ni kama aliwahi kutoka upele au kubanwa pumzi baada ya dawa hii hii.

Inauma?

Kanula, kile kimrija kinachoingizwa mshipani kwa sindano, huchoma kidogo. Dawa ikiingia, joto hushuka kutoka kooni hadi kiunoni, mdomo unapata ladha ya chuma, na wengi huhisi wamejikojolea. Hawajajikojolea. Mwambie mama mapema, maana nimemwona bibi mmoja kaikumbatia leso yake kwa aibu, hataki kushuka, mpaka akaonyeshwa kuwa shuka ni kavu. Ila mkono ukivimba au kuuma sana pale kwenye sindano, apige kelele hapo hapo: dawa inavujia nje ya mshipa.

Ana sukari. Figo je?

Atapimwa kreatinini kwanza, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja vipi. Dawa hutoka kwa mkojo, na figo zikiwa nzima karibu yote huwa imetoka ndani ya saa 24. Kama anameza metformini, dawa ya sukari, aseme. Figo zikiwa dhaifu sana ataambiwa aisimamishe siku 2, apimwe tena ndipo airudie. Asiiache kwa ushauri wa jirani. Akitoka anywe maji. Madafu ni matamu, lakini yana potasiamu nyingi, na mwenye figo mbovu aulize kabla hajapasuliwa dafu la kwanza.