Mabomba ya hodhi la kuogea yanaruhusiwa kufunikwa

Katika magrupu ya wenye nyumba hapa Mombasa kuna ujumbe usiokufa: ati sheria ya ujenzi inakataza kabisa kufunika mabomba ya hodhi la kuogea, na aliyeziba kwa vigae atalazimishwa kubomoa. Si kweli.

Maneno hayo yanafanana na kanuni ya nyumba inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani, ila yamekatwa nusu. Kanuni ile inazungumzia viungio vya kukazwa kwa nati na washa, kama vile unavyoviona chini ya sinki la jikoni. Hivyo hulegea, kwa hiyo lazima pawe na nafasi ya kuvifikia, isiyopungua milimita 305 upande wake mfupi. Nafasi hiyo inaweza kufunikwa kwa kilango au kibao cha skrubu. Viungio vilivyogandishwa kwa gundi ya mabomba havidai nafasi hiyo. Watu huchanganya "pafikike" na "pasifunikwe", na hapo ndipo hofu huanzia.

Kabla vigae havijapandishwa, mwambie fundi bomba akuonyeshe kila kiungio, nawe upige picha. Kinachotakiwa hapa Kenya kiulizwe ofisi ya majengo ya kaunti, si kwenye grupu. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Kuna mtu atavunja ukuta mzima bure.

Mimi ningeweka kilango hata nisipodaiwa. Maji yetu ya visima yana chumvi, na chumvi hula chuma.