Acheni kumwambia mtoto anayeonewa "jiamini"

Kila wazazi wa kidato cha kwanza wanapoanza kununua trenki na ndoo, ushauri ni ule ule: "Wanaoonewa ni wasiojiamini. Mjenge mwanao ajiamini, hakuna njuka atakayeguswa." Wiki hii nimeukuta tena, na aliyeuandika ni mwalimu. Sisi wanasihi ndio tunaokuja kufagia baada ya ushauri huu, kwa hiyo leo nauchambua.

Yaliyo wazi nayapita haraka. Uonevu ni kuumiza kwa makusudi, kunakojirudia, na anayeumiza ana nguvu zaidi: za mwili, za cheo, au za wingi wa marafiki. Ndivyo Dan Olweus, mtafiti wa uonevu shuleni, alivyoueleza, na hadi leo tunatumia hivyo. Wawili wanaolingana wakitwangana uwanjani, huo ni ugomvi.

Tuje kwenye huko kujiamini. Mtoto wa miaka 11 hadi 14 hajioni kwa jicho moja. Dodoso la mwanasaikolojia Susan Harter la 1985 linapima mambo matano mbalimbali: masomo, kukubalika na wenzake, michezo, sura na mwenendo, kisha thamani yake kwa jumla. Anaweza kuwa wa kwanza darasani na bado akaamini ana sura ya kuchekwa. Kinachomchoma ni shambulio linalotua pale anapopajali. Chukua stika ya WhatsApp: picha ya mtoto imekatwa ikabaki sura tu, chunusi zimekuzwa, inazunguka kwenye kundi la darasa. Mmoja asubuhi ataumwa tumbo, shule haendi. Mwingine, ambaye heshima yake yote iko kwenye mpira, ataicheka na kuisambaza yeye mwenyewe. Usiseme huyu wa pili ni jasiri. Subiri wenzake wakubaliane kutompa pasi mwezi mzima, ndipo uje na habari zako za kujiamini.

Na hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Kinachoamua mtoto atafanya nini ni jibu analojipa kimoyomoyo: kwa nini mimi? Mwaka 1979 mwanasaikolojia Ronnie Janoff-Bulman alitenganisha aina mbili za kujilaumu. Kuna kulaumu tendo: "nilikosea kupita nyuma ya vyoo peke yangu." Na kuna kulaumu nafsi: "ndivyo nilivyo, mtu wa kuonewa." Mwaka 1998 watafiti Sandra Graham na Jaana Juvonen waliipeleka tofauti hiyo kwa wanafunzi wa rika hili Marekani, na aina ya pili ndiyo iliyoandamana na upweke, wasiwasi na kujidharau. Inaeleweka: tendo hubadilishwa, nafsi utaipeleka wapi? Mtoto wa namna hiyo haripoti, kwani aripoti nini? Kwamba yeye ni yeye? Sasa mjazie "jiamini". Umemwongezea kosa la pili: hata kujiamini kumemshinda.

Vitabu husema kulaumu tendo kuna nafuu kwa sababu mtoto anabaki na la kufanya. Kwenye uonevu nina shaka. Akibadilisha njia, wanamhamia kwenye foleni ya chakula. Akinyamaza, anaonewa kwa kunyamaza. Baada ya mbinu tatu au nne kushindwa, lawama ya tendo huhamia kwenye nafsi, na umemfikisha huko wewe uliyemwambia ajaribu tena.

Wale wenye majivuno makubwa nao hawako salama. Mwenye kujiona sana huku ndani anayumba, akiguswa hujibu kwa ngumi, na shule humwadhibu yeye kwa sababu ngumi huonekana kuliko maneno.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimhoji mkitazamana, muulize mkiwa mnachambua mchele au mnatembea kwenda dukani. Usianze na "umewafanyia nini?", maana hapo umeshampa jibu. Uliza: "Unadhani wanafanya hivyo kwa nini?" Nyamaza mpaka aseme mwenyewe, hata kama ukimya unakukera. Akitaja mahali au wakati, mna pa kuanzia: mwambieni mwalimu wa zamu saa na sehemu, siyo "mwanangu anaonewa" tu. Akisema "basi tu, mimi," usimbishie kwa sifa, hataziamini. Muulize wengine waliowahi kufanyiwa na kundi lile lile. Akihesabu wawili watatu wasiofanana naye kwa sura wala tabia, sababu imeanza kumtoka yeye na kuwarudia wao.

Hesabu hiyo hugoma mahali pamoja, na ni mahali pa ajabu: kwenye darasa ambalo uonevu umepungua. Watafiti wameona zaidi ya mara moja kwamba mtoto anayebaki akionewa peke yake, pale wengine wameshapona, hujilaumu kuliko aliye kwenye darasa baya. Hana wa kujilinganisha naye. Mkuu wa shule anasoma taarifa yenye malalamiko machache na kufurahi. Mimi huuliza ni nani hao waliobaki. Kwa hao sianzi na mazungumzo ya nafsi hata kidogo. Naanza na mwanafunzi mmoja, mmoja tu, wa kukaa naye wakati wa mapumziko, anayemchagua mwenyewe, siyo kiranja aliyepangiwa kazi hiyo.