Bioteknolojia ya Lithuania: yanayosemwa na yaliyopo

"Ukomunisti uliacha jangwa, kampuni zikaanza mikono mitupu."

Si kweli. Mtaji ulikuwepo, ila haukuwa wa benki. Mwaka 1975 Wasovieti, waliokuwa wakiitawala Lithuania, walianzisha mjini Vilnius taasisi ya utafiti wa vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya viumbe), na chini ya Arvydas Janulaitis wataalamu wake wakazama kwenye vile vinavyokata DNA. Kila kimoja kina mahali pake: kimojawapo, EcoRI, hakikati kitu mpaka kikutane na herufi za DNA GAATTC. Lithuania ilipojitangazia uhuru Machi 1990, mfadhili, yaani Moscow, akawa ndiye anayeachwa. Walichobaki nacho ni bakteria na watu wanaojua kuwakamua vimeng'enya hivyo. Humo ndimo ilimochipuka kampuni ya Fermentas.

"Bioteknolojia ni kugundua dawa, kama huna mabilioni, usijaribu."

Hii ndiyo inayopotosha wengi. Dawa moja hula miaka kumi na zaidi, na nyingi huangukia njiani. Fermentas iliuza vitendea kazi: kichupa kidogo kama ncha ya kidole, ndani matone machache ya kimeng'enya, kimesafirishwa kwenye ubaridi. Mwenye maabara anakitumia, kikiisha anaagiza kingine, kama sukari ya dukani. Na ile hofu kwamba cha bei nafuu lazima ni feki haidumu hapa. Mteja anakata DNA yake, anaipitisha kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa ukubwa, na jioni hiyohiyo vipande vinamwambia kama amepunjwa.

"Ikinunuliwa na wageni, imekufa."

Mwaka 2010 Thermo Fisher ya Marekani iliinunua kwa dola milioni 260. Faida inakwenda ng'ambo, hilo silibishi. Kiwanda kimebaki Vilnius, na kimepanuliwa.

"Nchi ndogo hufuata tu nyayo za wakubwa."

Muulizeni mwanasayansi Virginijus Šikšnys, aliyekulia kikazi kwenye taasisi ileile. Aprili 2012 alipeleka makala yake kuhusu mkasi wa Cas9, protini ya bakteria inayokata DNA mahali inapoelekezwa, kwenye jarida la Cell, wakaikataa. Ilitoka kwingine Septemba, wakati wanasayansi Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walishachapisha yao Juni. Tuzo ya Kavli, ya kimataifa ya sayansi, ya 2018 waligawana watatu hao. Nobel ya 2020 wakapewa wale wawili. Yeye alikuwa ameshashiriki kuanzisha CasZyme, kampuni ndogo ya Vilnius inayosaka mikasi mipya ndani ya bakteria. Kazi ileile ya zamani, safari hii wenye kampuni ni wao.